Mpaka wa Tabaka: Historia ya Ukuzaji wa Fuwele za Semikondakta

Katika historia ya semikondakta, yaani maada kama silikoni ambazo uwezo wake wa kupitisha umeme uko kati ya ule wa metali na ule wa kioo na unaweza kupangwa na binadamu, sifa nyingi zimepewa fuwele yenyewe, usafi wake na ukubwa wake, ilhali mpaka unaotenganisha tabaka moja la fuwele na jingine umezungumziwa kwa muda mrefu kama kasoro ya kuvumiliwa. Mtazamo huo haulingani na mambo yalivyokwenda. Tangu miaka ya 1960, vifaa vingi vilivyobadilisha mawasiliano na mwanga, kuanzia leza ndogo hadi taa za LED, hutegemea kwa kazi yake pale matabaka mawili yanapokutana, na Herbert Kroemer, mwanafizikia mzaliwa wa Ujerumani, alifika mahali pa kueleza katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000 kwamba mara nyingi mpaka huo ndio kifaa chenyewe. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mpaka wa aina hii hauchorwi wala haukatwi. Hukua atomu kwa atomu, na kwa kuwa hukua, hubeba alama za njia iliyoukuza, za halijoto ya saa ile, na hata za tabaka lililotangulia kuwekwa.

Chimbuko la elimu hii liko katika madini. Mwaka 1836 Moritz Frankenheim alionyesha kwamba nitrati ya sodiamu ikiachwa ijijenge kutoka katika myeyusho juu ya uso wa kalsaiti, chembe zake hazikai ovyo, bali hujipanga kwa kufuata mwelekeo wa fuwele iliyo chini. Karibu karne nzima ilipita kabla ya Louis Royer, mtaalamu wa madini wa Ufaransa, kuchunguza jozi nyingi za fuwele na mwaka 1928 kuupa mwenendo huo jina la epitaksia, maana yake ukuaji wa fuwele juu ya fuwele nyingine ambapo ile ya juu hurithi mpangilio wa ile ya chini. Royer alihitimisha kwamba urithi huo hutokea pale tu ambapo vimia vya fuwele hizo mbili vinakaribiana kwa vipimo. Kimia ni ule mpangilio wa atomu unaojirudia pande zote kwa umbali uleule, na tofauti ya umbali aliyoikubali haikuzidi takriban asilimia 15.

Swali la namna tabaka la kwanza linavyoanza lilijibiwa kwa vipande. Max Volmer na mwenzake Weber, waliofanya kazi Ujerumani, walieleza mwaka 1926 hali ambayo atomu zinazowasili hupendana zenyewe kuliko zinavyoupenda uso zinapotua, hivyo zikajikusanya kuwa visiwa vidogo. Mwaka 1938 Ivan Stranski na Lyubomir Krastanov wa Sofia, Bulgaria, walieleza hali ya pili, ambayo safu moja au mbili hutandazwa sawasawa kisha visiwa vikainuka juu yake. Hali ya tatu, iliyokuja kuwa lengo la kila mkuzaji wa semikondakta, ni ile ambayo safu hukamilika kabla ya nyingine kuanza, kama fundi mwashi asiyepandisha tofali la mstari wa pili kabla ya kuufunga wa kwanza. Hali hiyo imeambatanishwa na majina ya Charles Frank wa Bristol na mwanafunzi wake kutoka Afrika Kusini, Jan van der Merwe, waliochapisha nadharia yao mwaka 1949.

Mchango wa Frank na van der Merwe ulikuwa mkubwa kuliko jina la hali moja ya ukuaji. Waliuliza ni nini hutokea kwenye mpaka iwapo kimia cha juu ni kikubwa kidogo kuliko cha chini, na hesabu zao zilionyesha kwamba tabaka likiwa jembamba hukubali kubanwa ili kila atomu ya juu iikalie atomu ya chini, huku nishati ya kubanwa huko ikirundikana kadiri tabaka linavyonenepa. Unene ukipita kiwango fulani, inakuwa nafuu kwa fuwele kuachia: baadhi ya safu za atomu zinakosa mwenzi upande wa pili, na palipo na pengo hilo huzaliwa mstari wa hitilafu unaotambaa kwenye mpaka. Mistari hiyo ndiyo adui wa vifaa vya umeme, kwa kuwa elektroni zinazopita karibu nayo hunaswa na nishati yao kugeuka joto badala ya nuru.

Wahandisi wa leza walikutana na adui huyo mapema. Leza za kwanza za semikondakta, zilizotengenezwa Marekani mwaka 1962 kwa asenaidi ya galiamu, ambayo ni muungano wa galiamu na aseniki, zilihitaji kupozwa kwa naitrojeni kimiminika na kulishwa mkondo mkubwa wa umeme kwa mapigo mafupi, la sivyo zingeungua. Sababu ilikuwa kwamba elektroni zilizoingizwa katika eneo la kutoa nuru zilitawanyika kabla ya kufanya kazi. Mwaka 1963 Kroemer alipendekeza kwamba eneo hilo liwekwe katikati ya matabaka mawili ya maada nyingine yenye pengo pana zaidi la nishati, pengo likiwa ni kiasi cha nishati ambacho elektroni huhitaji ili kuachana na kifungo cha atomu na kutembea huru. Elektroni zikifika kwenye mpaka hukuta mlima zisioweza kuupanda na kubaki ndani. Jarida la kwanza aliloliandikia lilimkatalia makala, na waajiri wake hawakumpa nyenzo kwa hoja kwamba wazo hilo halikuwa na matumizi. Mwaka huohuo Zhores Alferov na Rudolf Kazarinov wa Taasisi ya Ioffe, Leningrad, waliomba hataza ya wazo la aina hiyo, na wao, tofauti na Kroemer, walikuwa na maabara ya kulijaribu.

Jaribio la kwanza la Leningrad lilikwama kwa sababu ambayo Frank na van der Merwe wangeitambua mara moja. Tabaka lenye fosforasi liliwekwa juu ya asenaidi ya galiamu, vimia havikulingana, na mpaka ukajaa hitilafu. Jozi iliyofaa kwa vipimo ilijulikana: kimia cha asenaidi ya galiamu kina umbali wa nanometa 0.5653 na kile cha asenaidi ya aluminiamu nanometa 0.5661, tofauti ambayo haifiki hata sehemu mbili katika elfu. Lakini asenaidi ya aluminiamu huoza katika hewa yenye unyevu, na kwa hiyo wengi waliamini kwamba hata aloi yake na galiamu isingedumu. Alferov alisimulia baadaye kwamba mwenzake Dmitry Tretyakov ndiye aliyemjulisha kuwa vipande vidogo vya aloi hiyo, vya viwango mbalimbali vya aluminiamu, vilikuwa vimetupwa na mtafiti mwingine katika droo ya meza miaka miwili nyuma, na kwamba havikuwa vimepata madhara yoyote. Huko Marekani, Jerry Woodall na Hans Rupprecht wa kampuni ya IBM walifikia aloi hiyohiyo mwaka 1967 kwa njia yao.

Aloi hiyo ilikuzwa kwa mbinu ya myeyusho, ambayo Herbert Nelson wa kampuni ya RCA aliieleza mwaka 1963. Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ndani ya tanuri lenye nyuzi 800 huwa kimiminika chepesi kinachoweza kuyeyusha aseniki na aluminiamu. Halijoto ikishushwa polepole, kimiminika hushindwa kubeba vyote kilivyoyeyusha, na ziada hutua juu ya bamba la fuwele lililo chini yake. Umbo la kifaa lililozoeleka ni kipande cha grafiti chenye visima kadhaa, kila kimoja kikiwa na myeyusho wake, na chini yake ubao mwembamba wa grafiti wenye kijishimo cha kulibeba bamba. Mfanyakazi aliusukuma ubao huo kwa ufito uliotokeza nje ya bomba la kwazi, na bamba likahama kutoka kisima kimoja kwenda cha pili. Mpaka wa tabaka ulizaliwa katika msukumo huo mmoja wa mkono.

Ugumu wake unaonekana mara tu hatua hiyo inapotazamwa kwa karibu. Myeyusho mpya ukiwa haujashiba, hula uso wa tabaka lililotangulia kabla ya kuanza kujenga, na mpaka hushuka chini ya pale ulipokusudiwa, tena ukiwa na mawimbi kwa sababu ulaji haufanyiki sawa kila mahali. Ukiwa umeshiba kupita kiasi, chembe huanza kujijenga ndani ya kimiminika chenyewe. Zaidi ya hayo, utando wa myeyusho wa zamani hung'ang'ania bamba na kuingia katika kisima kipya, na aluminiamu, ambayo hupenda kuhamia kwenye fuwele haraka kuliko wenzake, hupungua ndani ya kimiminika kadiri tabaka linavyonenepa. Mpaka uliotokana na hali hizi haukuwa mstari bali eneo la mpito, na bado ulitosha. Mwaka 1970 kundi la Alferov, na wiki chache baadaye Izuo Hayashi na Morton Panish wa Bell Laboratories huko Murray Hill, New Jersey, walipata leza zilizowaka bila kukatika katika halijoto ya kawaida ya chumba. Eneo la kutoa nuru katika leza hizo lilikuwa nene kwa mamia ya nanometa, na mpito mwembamba pembeni mwake haukuweza kuliharibu. Bahati hiyo ya vipimo haijasisitizwa vya kutosha katika masimulizi ya ushindi huo.

Masharti yalibadilika pale ambapo tabaka zima lilitakiwa liwe jembamba kuliko mpito huo. Mwaka 1970 Leo Esaki na Raphael Tsu wa IBM walipendekeza fuwele ya matabaka mengi membamba ya maada mbili yanayopishana, kila moja likiwa la nanometa chache, ambamo elektroni ingelazimika kufuata kanuni za wimbi kwa namna isiyopatikana katika fuwele ya asili. Hakuna ufito wa grafiti uliokuwa na wepesi wa kutengeneza kitu hicho. Mbinu iliyofaa ilikuwa ikikomaa katika Bell Laboratories mikononi mwa John Arthur na Alfred Cho, nayo ilifanyika katika ombwe, yaani chombo kilichofyonzwa hewa hadi shinikizo lake kuwa mara trilioni kadhaa chini ya lile la hewa ya kawaida. Ndani yake, galiamu, aluminiamu na aseniki hupashwa moto kila moja katika chungu chake, na atomu zake husafiri kama miale iliyonyooka hadi kwenye bamba lenye nyuzi 600 hivi. Mbele ya kila chungu kuna kifuniko cha metali. Tabaka hukua kwa takriban mikrometa moja kwa saa, sawa na safu moja ya atomu kwa sekunde moja, na kifuniko hufungwa kwa muda mfupi kuliko huo.

Arthur aligundua pia siri iliyorahisisha kazi: aseniki haibaki juu ya uso wa asenaidi ya galiamu isipokuwa pale inapoikuta galiamu inayoisubiri, na ile isiyo na mwenzi huruka tena. Mkuzaji aliweza basi kumwaga aseniki kwa wingi bila kuihesabu na kuiachia galiamu ipange mwendo. Mwaka 1974 Raymond Dingle na wenzake wa Bell walionyesha kwamba tabaka jembamba lililobanwa kati ya mipaka miwili hufyonza nuru kwa ngazi, kila ngazi ikiwa ni hali moja ya nishati ambayo elektroni inaruhusiwa kuwa nayo, na nafasi ya ngazi hizo ilifuata unene wa tabaka. Visima hivi vya kwanta, kama vilivyoitwa, viligeuka kuwa kipimo cha mpaka wenyewe: unene ukibadilika kwa safu moja tu ya atomu kutoka sehemu moja ya bamba hadi nyingine, rangi ya nuru inayotoka nayo hubadilika, na mstari mwembamba wa rangi hutanuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukuaji wenyewe ulionekana ukitendeka. Mwali wa elektroni ulielekezwa kwenye bamba kwa pembe ndogo mno, ukiparuza uso tu, kisha ukapokewa upande wa pili na kioo kinachong'aa. Watafiti wa Uingereza, wakiwemo Bruce Joyce na James Neave, walieleza kwamba mng'ao wa doa kwenye kioo hicho hupanda na kushuka kwa mpigo wa kudumu wakati tabaka linakua, na kwamba kila mpigo ni safu moja iliyokamilika. Uso ukiwa mtupu na laini, doa hung'aa. Safu mpya ikifika nusu, uso huwa umejaa visiwa na kingo, elektroni hutawanywa na doa hufifia. Safu ikifunga, mng'ao hurudi. Mipigo hiyo hudhoofika baada ya muda kwa sababu safu ya pili na ya tatu huanza kabla ya ya kwanza kwisha. Mkuzaji akifunga kifuniko cha galiamu na kusubiri sekunde kadhaa, atomu zilizolegea hutembea hadi kwenye kingo, visiwa vidogo humezwa na vikubwa, na doa hung'aa upya. Kusubiri huko kulikuja kuwa desturi ya kila maabara, ingawa kuna gharama yake, kwa kuwa uso uliotulia hukusanya uchafu uliosalia katika ombwe na kuuzika ndani ya mpaka.

Hapo ndipo ilipojitokeza tabia ya mpaka ambayo michoro ya vitabuni huificha, kwani michoro huonyesha mstari mmoja mnyoofu kila upande. Mpaka wa aloi ya aluminiamu juu ya asenaidi ya galiamu na mpaka wa asenaidi ya galiamu juu ya aloi hiyo si kitu kimoja. Galiamu hutembea mbali juu ya uso kabla ya kutulia, kwa hiyo huacha uwanda mpana ulio laini, na aluminiamu inayofuata huukuta uwanda huo. Aluminiamu yenyewe hushikamana kwa nguvu na pale inapotua, haiendi mbali, na uso wake hubaki na vijimabonde. Tena hupenda oksijeni na kaboni, ambazo huelea juu ya tabaka la aloi linapokua na kuzikwa mara galiamu tupu inapoanza. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito wa kiuchumi. Mwaka 1978 Dingle, Horst Störmer, Arthur Gossard na William Wiegmann walitenganisha elektroni na atomu zilizozitoa, kwa kuweka atomu hizo ndani ya aloi na kuziachia elektroni zimiminike upande wa pili wa mpaka, ambako zilikimbia bila kugonga chochote kilichochajiwa. Kampuni ya Fujitsu ya Japani ilitangaza transista ya kasi ya aina hiyo mwaka 1980, na mwaka 1982 Daniel Tsui na Störmer, wakitumia bamba alilolikuza Gossard, waligundua tabia mpya ya elektroni iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Vifaa hivi vilikuwa na aloi juu na asenaidi ya galiamu chini. Waliojaribu kuupindua mpangilio huo walipata elektroni zinazokwenda kwa kusuasua, na ilibidi kwanza wakuze matabaka mengi membamba yanayopishana ili kuunasa uchafu na kuulainisha uso kabla ya mpaka uliokusudiwa.

Indiamu, iliyochanganywa na galiamu katika visima vingine, iliongeza tatizo la pili. Atomu zake ni kubwa na vifungo vyake na aseniki ni hafifu kuliko vya galiamu, kwa hiyo asenaidi ya galiamu inapoanza kuwekwa juu yake, sehemu kubwa ya indiamu ya safu ya juu hubadilishana nafasi na galiamu inayowasili na kupanda safu moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Upande wa kuingilia indiamu hufika kiwango chake pole pole. Upande wa kutokea huacha mkia unaofifia kwa safu nyingi. Kisima kilichochorwa kikiwa na kuta mbili zilizosimama wima huishia kuwa na kuta mbili zilizolala, kila moja kwa mteremko wake.

Mbinu ya mvuke, iliyoelezwa na Harold Manasevit mwaka 1968, ndiyo iliyoshika viwanda vingi, kwa kuwa inaweza kukuza mabamba mengi kwa wakati mmoja. Gesi zenye galiamu na aseniki hupitishwa juu ya bamba lenye joto na huvunjika hapo; mpaka hutegemea wepesi wa kubadilisha gesi, na kona yoyote ya bomba ambamo gesi ya zamani hujificha huufanya mpaka kuwa na ukungu. Wahandisi walitatua hilo kwa kuziacha gesi zote zikitiririka muda wote, baadhi kwenda kwenye bamba na nyingine kwenda nje, na kuzibadilishana njia tu.

Mkazo wa kimia, ulioogopwa tangu Leningrad, ulipata kuheshimiwa baada ya J. W. Matthews na A. E. Blakeslee kukadiria mwaka 1974 unene ambao tabaka lililobanwa huweza kufika bila kuachia. Chini ya kikomo hicho mkazo hauna madhara, tena hubadilisha nishati za elektroni kwa namna inayoifaa leza. Leza za indiamu na galiamu zilizobanwa hivyo, zenye nuru ya nanometa 980, ndizo zinazolisha vikuza nuru vilivyopachikwa kwenye nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, zikiwemo zile zilizotia nanga Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009.

Nitraidi ya galiamu, mama wa taa za LED za bluu, ilikiuka karibu masharti yote hayo. Haikuwa na bamba lake yenyewe na ilikuzwa juu ya yakuti, ambayo kimia chake hutofautiana nayo kwa karibu asilimia 16. Mwaka 1986 Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Chuo Kikuu cha Nagoya walichapisha ufumbuzi: kwanza tabaka jembamba la nitraidi ya aluminiamu hutandazwa katika halijoto ya chini, likiwa halijajipanga vizuri, kisha halijoto hupandishwa hadi karibu nyuzi 1,000 na nitraidi ya galiamu hukua juu yake kwa utulivu. Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia alifanikisha jambo hilo mwaka 1991 kwa kutumia nitraidi ya galiamu yenyewe kama tabaka la kati. Mistari ya hitilafu ilibaki kwa mabilioni katika kila sentimita ya mraba, na nuru ilitoka hata hivyo, jambo lililowashangaza waliokuwa wamelelewa na asenaidi ya galiamu.

Hali ya Stranski na Krastanov, ambayo wakuzaji walikuwa wakiikwepa, nayo ilirudi kwa mlango mwingine. Asenaidi ya indiamu juu ya asenaidi ya galiamu hutofautiana kimia kwa asilimia 7. Safu moja na nusu hivi hutandazwa sawasawa, kisha ghafla uso huinuka kuwa visiwa vya urefu wa nanometa chache, na kila kisiwa, kikifunikwa, huwa kizimba kidogo cha elektroni kinachotoa nuru kama atomu. Kufunika huko ndiko kugumu. Galiamu inapowasili, vilele vya visiwa huyeyuka na indiamu yake husambaa pembeni, hivyo kisiwa kinachobaki si kile kilichokua, na viwili vilivyoota jirani huishia na urefu tofauti na rangi tofauti. Katika maabara za Kanada mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutumika njia ya kufunika visiwa nusu tu, kwa nanometa chache za asenaidi ya galiamu, kusimamisha ukuaji, na kupandisha halijoto: indiamu iliyotokeza juu ya kifuniko huruka, vilele vyote hukatwa kwa kimo kimoja, kisha ndipo tabaka la mwisho hukamilishwa.